John Logie Baird: Mwanzilishi wa televisheni aliyeshindwa na picha ya vipande viwili

Chukua kanda ya zamani ya VHS, labda ya harusi, uihamishie kwenye kompyuta. Bwana na bibi harusi wakisimama tuli, picha iko safi. Wakianza kucheza, kingo za mikono na nguo zinakatika mistari mistari kama meno ya kitana.

Wengi hudhani kanda imeharibika. Kumbe haina tatizo. Hayo ni mabaki ya mbinu ambayo BBC iliichagua London mwaka 1937, na siku hiyo aliyepoteza alikuwa ni yule yule aliyewaonyesha watu televisheni kwa mara ya kwanza.

Jina lake ni John Logie Baird.

Mtoto wa mchungaji

Baird alizaliwa tarehe 13 Agosti 1888 mjini Helensburgh, Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji. Tangu utotoni afya yake ilikuwa mbovu, na vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, jeshi lilimkataa.

Alisomea uhandisi wa umeme Glasgow, lakini maisha yalimpeleka kwenye biashara. Aliuza soksi. Akaenda Trinidad kutengeneza jamu, nayo ikakwama. Akarudi Uingereza akauza sabuni.

Mwaka 1923, akiwa mgonjwa na hela zimemwishia, alihamia Hastings, mji wa pwani, kutafuta hewa nzuri. Huko ndiko alikoanza kuunda mashine ya kurusha picha.

Vifaa vyake vilikuwa vya kuokoteza: kasha la chai, boksi la kofia, sindano, lenzi za taa za baiskeli, gundi na lakiri. Julai 1924 alipigwa shoti ya umeme ya volti zaidi ya 1,000. Alipona, ila mwenye nyumba akamtaka ahame.

Kichwa cha mwanasesere

Alihamia London. Tarehe 2 Oktoba 1925, kichwa cha mwanasesere alichokiita Stookie Bill kilionekana kwenye skrini yake kikiwa na mwanga na vivuli, si umbo jeusi tu.

Baird alikimbilia ofisi ya chini akamchukua kijana wa miaka 20, William Taynton, akamkalisha mbele ya mashine. Taa zilikuwa na joto kali, kijana akaogopa akajiondoa. Baird akampa hela kidogo ili arudi kukaa. Basi Taynton akawa mtu wa kwanza kuonekana kwenye televisheni ya aina hiyo.

Tarehe 26 Januari 1926 Baird aliwaalika wanasayansi wa Royal Institution kwenye chumba chake cha Frith Street, wakajionea wenyewe. Mwaka 1927 alituma picha kutoka London hadi Glasgow kwa waya wa simu. Mwaka uliofuata zilivuka bahari hadi Marekani, na mwaka huo huo akaonyesha televisheni ya rangi.

Alijaribu pia kurekodi. Kati ya 1927 na 1928 alihifadhi picha zake kwenye santuri, zile zile za muziki. Kurekodi aliweza, lakini kuzionyesha tena vizuri kulimshinda.

Mistari 240 dhidi ya 405

Picha ya televisheni ya zamani huchorwa mstari mmoja baada ya mwingine. Mashine za awali za Baird zilichora mistari kama 30 tu kwa kutumia sahani inayozunguka. Inatosha kwa uso wa mtu, si kwa mpira wa miguu.

Ushindani ukapamba moto. Tarehe 2 Novemba 1936 BBC ilianza matangazo ya kawaida kutoka Alexandra Palace, ikijaribu mifumo miwili kwa zamu: wiki hii Baird, wiki ijayo kampuni ya Marconi-EMI.

Baird alileta mistari 240. Kila picha ilichorwa nzima, kutoka juu hadi chini, picha 25 kwa sekunde. Tatizo ni kwamba skrini ikiwaka mara 25 tu kwa sekunde, jicho linaona ikipepesa.

EMI walikuja na mistari 405 na ujanja. Picha waliigawa nusu mbili. Kwanza inachorwa mistari ya 1, 3, 5 na kuendelea. Kisha inarudi kujaza 2, 4, 6. Jicho linaona miwako 50 kwa sekunde, kupepesa kunapungua sana, na bado picha kamili zinazotumwa ni 25 tu. Mawimbi hayalemewi na mzigo wa ziada.

Mistari haikuwa tatizo pekee la Baird. EMI walikuwa na kamera ya umeme inayoweza kusogezwa hadi nje ya studio. Moja ya mbinu za Baird ilipiga filamu kwanza, ikaisafisha kwa dawa, ndipo picha zikarushwa. Kila kitu kilichelewa karibu dakika nzima, na kamera ilikuwa imefungwa mahali pamoja.

Tarehe 30 Novemba 1936, majaribio yakiendelea, moto uliteketeza jengo la Crystal Palace. Sehemu kubwa ya maabara za kampuni ya Baird ilikuwa humo.

Februari 1937 BBC ikabaki na EMI peke yake.

Hakukata tamaa

Vita vya pili vilipoanza Septemba 1939, BBC ilizima televisheni. Baird aliendelea kufanya kazi nyumbani kwake Sydenham, London, kwa hela zake mwenyewe.

Tarehe 16 Agosti 1944 alionyesha skrini ya rangi inayotumia umeme mtupu, bila sahani ya kuzunguka. Ilikuwa na mistari 600. Na safari hii, mistari hiyo ilipishana. Ile mbinu iliyomshinda mwaka 1937 sasa alikuwa anaitumia yeye, tena kwa hatua nyingi zaidi.

BBC ilirudisha matangazo tarehe 7 Juni 1946, kwa ile ile mistari 405. Wiki moja baadaye, tarehe 14 Juni, Baird alifariki Bexhill akiwa na miaka 57. Aliacha mke, Margaret, na watoto wawili. Alizikwa Helensburgh.

Kitana kimetoka wapi?

Mbinu ya kupishanisha mistari ilienea duniani. Mfumo uliotumika Kenya na Tanzania, wa mistari 625, nao ulikuwa wa nusu mbili. Kwenye televisheni za kioo kinene hakuna aliyeona tatizo.

Lakini kompyuta na simu huonyesha picha nzima kwa mara moja. Zile nusu mbili zilipigwa kwa tofauti ya sehemu moja ya 50 ya sekunde, na ndani ya muda huo mkono wa mchezaji umeshasogea. Ukizibandika pamoja, kitana kinatokea.

Ndiyo maana programu za video zina kazi ya kuondoa mpishano. Nyingine hutupa nusu moja, picha ikapoteza ukali. Zilizo bora hukisia mistari inayokosekana kwa kuangalia mistari ya jirani, pamoja na picha iliyotangulia na inayofuata.

Zile santuri za Baird nazo zilipata nafasi. Kuanzia miaka ya 1980, mhandisi Donald McLean alizisafisha kwa kompyuta. Picha ambazo Baird mwenyewe alishindwa kuzionyesha vizuri zikaonekana, na miongoni mwa nyuso hizo yumo Stookie Bill, aliyerekodiwa mwaka 1927.