Mwalimu Carey Francis na Vijana Wake

Marehemu Edward Carey Francis alizaliwa London mwaka 1897. Alifundisha hesabu Cambridge, lakini mwaka 1928 aliacha kazi hiyo, akaja Kenya chini ya C.M.S. kuongoza shule ya Maseno. Tangu 1940 hadi 1962 aliongoza Alliance High School, Kikuyu. Alikuwa mkali, na wanafunzi walimwogopa. Lakini ukali peke yake haulei. Hakuoa, maisha yake aliwapa vijana. Wakati wa Hali ya Hatari walikuwamo shuleni wanafunzi ambao ndugu zao walikuwa msituni au kizuizini, nao waliendelea kusoma pamoja na wenzao.

Alipostaafu angeweza kurudi kwao kupumzika. Badala yake alikwenda Pumwani, Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida hadi alipofariki mwaka 1966.

Ndugu zangu tuliostaafu, tujiulize. Kijana wa sekondari anayelia bwenini usiku hatafuti mwenye cheo. Anamhitaji mtu mzima mmoja anayemjua kwa jina na kumwuliza habari za kwao. Uchungaji huo hauna kustaafu. Shule haiko mbali, twende tukawaone.