Maisha ya Maimonides, Mwalimu wa Wayahudi



Katika mafundisho yenu mmesikia mara nyingi habari za Abrahamu, za Musa na za Daudi. Mmejifunza ya kuwa Mungu alilichagua taifa la Israeli, akalipa Amri zake, na ya kuwa Bwana wetu Yesu Kristu, Mama yake Maria na Mitume walizaliwa katika taifa hilo. Lakini wengine huuliza: Baada ya siku za Mitume, Wayahudi walikwenda wapi? Je, waliacha kumwabudu Mungu wa Abrahamu? La, hawakuacha. Walitawanyika katika nchi nyingi, wakachukua vitabu vyao pamoja nao, wakawafundisha watoto wao sala na Amri. Leo tutawasimulia maisha ya mwalimu wao mmoja mkuu, ambaye hata Mtakatifu Toma wa Akwino alisoma kitabu chake kwa heshima.

1. Mtoto mkimbizi

Mtu huyu aliitwa Musa, mwana wa Maimon. Watu wa Ulaya humwita Maimonides. Wayahudi humwita Rambam, jina lililofanywa kwa herufi za kwanza za cheo chake na jina lake katika Kiebrania. Alizaliwa mwaka 1138 katika mji wa Córdoba, nchi ya Hispania. Baba yake alikuwa mwamuzi wa Wayahudi wa mji ule, mtu mwenye elimu, naye ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa mwanawe.

Siku zile upande wa kusini wa Hispania ulitawaliwa na Waislamu, na Wayahudi walikuwa wamekaa humo miaka mingi, wakifanya biashara na kusoma vitabu. Lakini mwaka 1148, Musa alipokuwa bado mtoto, watawala wapya walioitwa Almohad, waliotoka Afrika ya Kaskazini, waliuteka mji. Hao walikuwa wakali. Waliwalazimisha Wayahudi na Wakristu kuiacha dini yao, au kuihama nchi, au kufa. Maimon na jamaa yake wakatoka katika nyumba yao, wakatangatanga miaka mingi. Mnamo mwaka 1160 walifika Fez, katika nchi ya Moroko. Huko nako hawakupata raha, kwa maana watawala walikuwa wale wale.

Mwaka 1165 wakapanda merikebu, wakapatwa na dhoruba kali baharini, lakini Mungu akawafikisha salama katika bandari ya Akka. Wakaenda kusali Yerusalemu, mji wa mababu zao. Kisha wakashuka Misri, wakakaa Fustat, mji wa kale ulio karibu na Kairo. Huko Misri Wayahudi waliruhusiwa kusali bila kusumbuliwa, na Musa alikaa huko mpaka kufa kwake.

2. Kitabu kilichoandikwa njiani

Mkimbizi huweza kupoteza shamba, nyumba na mali. Lakini yaliyo moyoni hayachukuliwi na mtu. Musa alipokuwa na miaka 23 alianza kuandika kitabu cha kueleza Mishna, yaani mkusanyo wa kale wa sheria za Wayahudi. Sehemu nyingine aliziandika akiwa safarini, na nyingine akiwa merikebuni. Alikimaliza Misri mwaka 1168, akiwa na miaka 30.

Katika kitabu hicho alipanga misingi 13 ya imani ya Wayahudi, ili hata mtu asiye na elimu aweze kujua anayopaswa kusadiki: ya kuwa Mungu yupo, ni mmoja, hana mwili, ni wa milele, naye peke yake huabudiwa, ya kuwa alisema kwa vinywa vya manabii, ya kuwa anayajua matendo yetu, hutuza wema na kuadhibu ubaya, ya kuwa Masiha atakuja, na wafu watafufuka. Mpaka leo misingi hiyo imo katika vitabu vya sala vya Wayahudi. Nanyi, mnaojifunza Nasadiki kwa moyo, mwajua vema faida ya kuwa na imani iliyopangwa kwa maneno machache.

3. Mateka na msiba

Mwaka ule ule wa 1168, askari wa mfalme Mkristu wa Yerusalemu waliuteka mji wa Bilbeis katika Misri. Waliua watu wengi, na wengine wakawachukua mateka, Wayahudi miongoni mwao. Twasema jambo hilo kwa huzuni, kwa sababu waliolitenda walibeba alama ya msalaba. Musa akaandika barua na kuwatuma watu waaminifu katika miji ya Misri, wakusanye fedha za kuwakomboa mateka wale. Yeye aliyekuwa mgeni juzi, leo aliwahangaikia wengine.

Musa alikuwa na ndugu mdogo jina lake David, mfanyabiashara wa vito vya thamani. David ndiye aliyeilisha jamaa nzima, ili kaka yake apate nafasi ya kusoma na kufundisha. Siku moja David alisafiri kuelekea Bara Hindi. Chombo chake kikazama katika Bahari ya Hindi, naye akafa maji, pamoja na mali yake na mali ya watu waliomwamini. Akaacha mjane na binti mdogo.

Habari hiyo ilimwangusha Musa. Alilala kitandani karibu mwaka mzima, mgonjwa wa homa na wa majonzi. Hata miaka mingi baadaye, kila alipoona mwandiko wa ndugu yake katika daftari, moyo wake uligeuka ndani yake. Lakini hakumwacha Mungu. Alipoinuka, alijiuliza atawalishaje watu wa nyumba yake. Wengine walikula kwa mshahara wa kufundisha dini. Yeye hakupenda, akiona kwamba neno la Mungu si kitu cha kuuzwa. Basi akafanya kazi ya tabibu, yaani mganga wa dawa, ambayo alikuwa amejifunza tangu ujana wake.

4. Sheria kwa lugha iliyo wazi

Sheria za Wayahudi zilikuwa zimetawanyika katika vitabu vingi vikubwa, hata mtu wa kawaida hakuweza kuzipata. Musa alifanya kazi miaka 10, akazikusanya zote katika vitabu 14, kwa Kiebrania chepesi na safi. Mkusanyo huo huitwa Mishneh Torah. Wenye elimu wengine walimlaumu, kwa kuwa hakutaja majina ya walimu wa kale ambao kwao alichota maneno yake. Naye mwenyewe baadaye alikiri kwamba ingefaa kuyaonyesha.

Tuangalie mambo mawili tu ya vitabu hivyo.

La kwanza ni mafunzo ya watoto. Aliandika kwamba kila mji lazima uwe na mwalimu wa watoto, na kwamba mwalimu mmoja afundishe watoto 25. Wakizidi, mpaka 40, apewe msaidizi; wakipita 40, wawekwe walimu wawili. Mwalimu asikasirike wanafunzi wasipofahamu, bali arudie mara nyingi mpaka wameelewa. Na mwanafunzi asione haya mbele ya wenzake waliofahamu upesi, wala asiseme ameelewa kumbe hajaelewa, bali aulize tena na tena.

La pili ni sadaka. Aliandika kwamba sadaka ina ngazi 8. Ya chini kabisa ni ya mtu anayetoa kwa uso uliokunjamana. Juu yake yuko anayetoa kidogo, lakini kwa uso mwema. Juu zaidi yuko anayetoa kabla ya kuombwa. Na juu zaidi tena, anayetoa kwa siri, hata maskini hajui aliyempa, wala mtoaji hajui aliyepokea. Lakini ngazi iliyo juu ya zote ni kumshika mkono mtu anayeanguka, kumkopesha, kushirikiana naye au kumpatia kazi, ili asihitaji tena kuomba.

5. Swali la Obadia

Kati ya barua zote za Musa, moja yawahusu ninyi wakatekumeni zaidi. Mtu mmoja jina lake Obadia hakuzaliwa Myahudi. Aliacha jamaa yake na nchi yake, akaingia katika dini ya Wayahudi kwa kuwa alimtafuta Mungu wa kweli. Lakini moyo wake ulikuwa na mashaka. Sala za Wayahudi humtaja Mungu kuwa ni Mungu wa baba zao. Obadia alijiuliza: Baba zangu hawakumjua Mungu huyu, je, naweza kusema maneno hayo pamoja na wengine, au nitakuwa mwongo? Tena aliwahi kubishana na mwalimu wake juu ya neno la dini, na mwalimu akamtukana, akamwita mpumbavu. Obadia akatoka kwa machozi na aibu.

Wakati huo Musa alikuwa mkuu aliyeandikiwa na watu wa nchi nyingi. Angaliweza kumjibu kwa neno moja, au asijibu kabisa. Lakini alimwandikia Obadia barua ndefu yenye upole. Alimwambia asali sala zote kama zilivyo, bila kubadili hata neno moja. Kwa maana Abrahamu naye aliacha nyumba ya baba yake na miungu yao, akawafundisha watu wengi kumjua Mungu mmoja. Basi kila anayefuata njia ile ni mwana wa Abrahamu, na hakuna tofauti kati yake na waliozaliwa humo. Juu ya yule mwalimu mwenye matusi, Musa alisema kwamba amekosa sana, na kwamba imempasa kumwomba mwanafunzi wake msamaha, ingawa yeye ni mwalimu. Tena katika neno lile walilobishania, Musa aliona kuwa mwanafunzi ndiye aliyesema kweli.

6. Tabibu asiye na nafasi

Sifa ya Musa ilifika katika jumba la watawala. Akawa tabibu wa waziri wa Sultani Salahadini, na baadaye wa mwana wa sultani. Mwaka 1199 aliandika jinsi alivyopitisha siku zake. Kila asubuhi alikwenda Kairo kuwatazama wagonjwa wa jumba la sultani. Alirudi Fustat baada ya adhuhuri, akiwa na njaa, akakuta baraza yake imejaa watu, Wayahudi na wasio Wayahudi, wakubwa na wadogo. Alishuka juu ya mnyama wake, akanawa mikono, akawaomba wamngojee ale chakula kidogo, nacho kilikuwa chakula chake cha pekee kwa siku. Kisha aliwatibu mpaka usiku, mara nyingine akisema nao huku amelala chali kwa uchovu. Siku ya Sabato Wayahudi wa mji walimjia, naye akawafundisha.

Hata hivyo aliandika vitabu vingi vya dawa, na mnamo mwaka 1190 alimaliza kitabu chake cha hekima kilicho mashuhuri kupita vyote, Mwongozo wa Waliotatizika. Alikiandika kwa ajili ya mwanafunzi wake Yosefu, aliyekuwa amesoma mafundisho ya Wagiriki wa kale, akaona moyo wake unavutwa huku na huku. Musa alimwonyesha kwamba akili na imani zote mbili zatoka kwa Mungu, wala hazipigani. Maandiko yanapotaja mkono wa Mungu au jicho lake, tusidhani kwamba Mungu ana mwili.

7. Kufa kwake, na Mtakatifu Toma

Musa alikufa Fustat mwezi wa Desemba mwaka 1204. Mwanawe Abrahamu akashika uongozi wa Wayahudi wa Misri baada yake. Kaburi lake huonyeshwa Tiberia, kando ya ziwa la Galilaya.

Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiebrania, kisha kwa Kilatini. Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alikisoma, akamtaja Musa kwa jina mara nyingi. Hakukubali yote. Musa alifundisha kwamba twaweza kusema tu Mungu si nini. Toma alijibu kwamba tukisema Mungu ni mwema twasema neno la kweli juu yake, ingawa wema wake wapita fahamu zetu. Lakini Toma alipokea kwake fundisho hili: Mungu aliwafunulia watu hata mambo ambayo akili ingeweza kuyatafuta, kwa sababu wengi hawana nafasi, wana kazi nyingi, na maisha ni mafupi. Basi mama mzee anayelima shamba aweza kumjua Mungu, bila kungoja hekima ya wenye vitabu.

8. Tunajifunza nini?

Musa mwana wa Maimon aliingoja siku ya Masiha mpaka kufa kwake. Sisi twasadiki kwamba Masiha amekwisha kuja, naye ni Yesu Kristu. Tofauti hiyo ni kubwa, wala hatuifichi. Lakini tusiwadharau walio taifa la Bwana wetu. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitukataza kabisa kuwachukia Wayahudi. Mtume Paulo alitufundisha kwamba sisi ni matawi yaliyopandikizwa katika mzeituni wao. Tawi halijivuni juu ya shina.

Tena, mkatekumeni asione haya kwa sababu babu yake hakusali sala hizi. Abrahamu ni baba wa wote wanaosadiki. Ukiwa hujafahamu fundisho, muulize katekista wako tena. Nawe katekista, usiwatukane wanafunzi wako. Kama umemtukana mmoja, nenda leo ukapatane naye.

Maulizo

1. Kwa nini jamaa ya Maimon walihama Hispania?
2. Musa alifanya nini baada ya ndugu yake kufa?
3. Sadaka iliyo juu ya zote ni ipi? Katika kijiji chetu, nani aweza kusaidiwa hivyo?
4. Obadia aliogopa kusema maneno gani katika sala, na kwa nini alijibiwa kwamba ayaseme?