Émile Zola: alipomaliza riwaya 20, akashika kamera

Tuliosoma shule za zamani tunamjua Émile Zola wa Ufaransa kwa riwaya zake na kwa namna alivyomtetea Kapteni Dreyfus. Kwamba uzeeni alikuwa mpigapicha hodari, wachache wanalijua.

Zola alizaliwa Paris mwaka 1840. Mfululizo wake wa riwaya 20 ulianza kutoka 1871, ukamalizika 1893. Mwaka uliofuata, mzee ana miaka 54, akaingia kwenye upigaji picha kwa moyo wote.

Zama zile si kubonyeza tu kama simu zetu. Picha ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa, kisha ikasafishwa kwenye chumba cha giza. Zola alisafisha zake mwenyewe.

Alipiga mitaa, treni na Maonyesho ya Dunia ya 1900. Lakini khasa aliwapiga wanawe, na hapo ndipo penye kisa. Yeye na mkewe Alexandrine hawakujaaliwa watoto. Denise, aliyezaliwa 1889, na Jacques, wa 1891, mama yao alikuwa Jeanne Rozerot, aliyewahi kuwa mtumishi nyumbani kwao. Sheria ya Ufaransa wakati ule haikumruhusu mume wa mtu kuwatambua watoto wa nje ya ndoa. Basi damu ni yake, jina si lake.

Kiangazi Zola alikaa Médan na mkewe, na wale watoto kawapangishia nyumba Verneuil, hapo jirani. Mchana anapanda baiskeli, huyoo, kwenda kuwaona. Picha zao akazipanga kwenye albamu, akaiita kisa cha kweli.

Januari 1898 aliandika gazetini kumtetea Dreyfus, Myahudi aliyefungwa bila kosa. Zola naye akahukumiwa jela mwaka mmoja, na Julai akakimbilia London. Ghurba anaijua aliyeionja: lugha hakuijua, na ilimbidi ajifiche kwa majina ya bandia. Jeanne na watoto walimfuata kiangazi kile, kisha wakarudi kwao. Mzee akabaki na kamera yake, anapiga barabara za kusini mwa London na wanawake wanaopita kwa baiskeli. Alirejea Ufaransa Juni 1899.

Alifariki tarehe 29 Septemba 1902, kwa hewa ya sumu ya moto wa chumbani, bomba la moshi likiwa limeziba. Aliacha vioo vya picha kwa maelfu. Alexandrine, ambaye angeweza kuwafungia mlango wale watoto, aliwapokea, na wakapata kuitwa kwa jina la baba yao. Denise alikuja kuandika kitabu juu ya maisha yake.

Wastaafu wenzangu, tunaulizwa kila siku tutafanya nini baada ya kazi. Zola alikuwa ameshaandika juu ya watu wengi wa kubuni. Miaka iliyobaki aliitumia kuwatazama wake mwenyewe, na leo tunawaona jinsi alivyowaona yeye.