Ivan Aguéli: mchoraji wa Uswidi aliyekuwa Sheikh Abdul Hadi

Kila majira ya joto yanapokaribia hapa Stockholm, mazungumzo baada ya sala ya Ijumaa huwa ni yale yale: nani anakwenda nyumbani, nani hana nauli, na nani amepanga safari ya kuzuru makaburi ya mawalii. Wapo wanaoweka akiba kwa ajili ya Maulidi ya Lamu na Msikiti wa Riyadha wa Habib Saleh. Ndugu zetu wa Ngazija hutaja kaburi la Sheikh Muhammad Maaruf mjini Moroni, aliyefariki mwaka 1905 baada ya kuieneza tarika ya Shadhiliya katika visiwa vile na pwani yetu. Wengine wanataka kufika Humaithara, jangwani Misri, alikozikwa Imam Abul Hassan al-Shadhili mwenyewe mwaka 1258. Kisha hesabu ya tiketi za ndege kwa baba, mama na watoto watatu inapopigwa, watu hunyamaza.

Safari hii tumeonelea tuanze na ziara isiyohitaji ndege. Kiasi cha kilomita 120 kaskazini magharibi ya Stockholm upo mji mdogo wa Sala, uliopata jina zamani kwa machimbo yake ya fedha. Hapo amezikwa mtu wa Shadhiliya, Mswidi aliyezaliwa mji huo huo. Waswidi wanamfahamu kama mchoraji Ivan Aguéli. Katika Uislamu aliitwa Sheikh Abdul Hadi.

Alizaliwa tarehe 24 Mei 1869 na kupewa jina la John Gustaf Agelii. Baba yake alikuwa daktari wa mifugo, jambo ambalo tunaomba msomaji alikumbuke, kwani huko mbele wanyama watamtia kijana huyu matatani. Alisoma kisiwani Gotland na hapa Stockholm, lakini shule haikumkaa. Alichopenda ni kuchora, na kusoma vitabu vya Emanuel Swedenborg, yule mwanachuoni wa Stockholm wa karne ya 18 aliyeandika habari za malaika na ulimwengu wa roho.

Mwaka 1890 alikuwa Paris, mwanafunzi wa mchoraji Émile Bernard, na sasa akijiita Ivan Aguéli. Akiwa njiani kurudi Stockholm alipitia London na kuonana na Kropotkin, mwana wa ukoo wa kifalme wa Urusi aliyegeuka kuwa kiongozi wa waanakisti, yaani watu wasiotaka serikali yoyote. Hapa Stockholm alijifunza kwa muda chini ya Anders Zorn na Richard Bergh, majina makubwa katika sanaa ya nchi hii, kisha mwishoni mwa 1892 akarejea Paris.

Paris ya wakati ule ilikuwa na milipuko ya mabomu na askari kanzu kila kona. Mwaka 1894 Aguéli alikamatwa kwa kosa la kumpa hifadhi mmoja wa waanakisti waliokuwa wakisakwa. Alikaa rumande miezi kadhaa, kisha akafikishwa mahakamani katika ile iliyojulikana kama Kesi ya Watu Thelathini. Alionekana hana hatia. Lakini kule gerezani alikuwa ameanza kazi nyingine: alijifunza lugha za mashariki na kusoma vitabu vitakatifu. Mtu aliyeingia kwa ajili ya siasa alitoka akiwa na kiu tofauti. Mwaka huo huo akaenda Misri kuchora, na aliporudi Paris akajiandikisha katika chuo cha lugha za mashariki, akisoma Kiarabu na Kisanskriti.

Alisilimu mnamo miaka ya mwisho ya karne ya 19 na kuchukua jina la Abdul Hadi. Mwaka 1899 alisafiri hadi Colombo, kisiwani Ceylon (sasa Sri Lanka), akarudi.

Sasa tufike kwenye tukio linalowagawa watu hadi leo. Rafiki yake mkubwa mjini Paris alikuwa Marie Huot, mshairi na mtetezi mkali wa wanyama. Mwaka 1900 waandalizi fulani walileta mchezo wa kupigana na fahali kwa mtindo wa Kihispania, ule wa kumuua mnyama mbele ya watazamaji, katika mji wa Deuil karibu na Paris. Aguéli alikwenda na bastola. Alifyatua risasi na kumjeruhi mmoja wa wapiganaji waliokuwa wakiwasili. Mahakama ilimpa kifungo cha nje, kwani umma ulikuwa umechukizwa na mchezo ule kuliko na yeye.

Sisi hatutamtetea katika hili. Mtu anayempiga risasi binadamu kwa kumhurumia ng'ombe amepotoka mizani, na hata mtoto wa madrasa anaweza kukuambia hivyo. Lakini kulificha tukio hili, kama wafanyavyo baadhi ya wanaomsifu, si uaminifu. Lilimtokea mtu ambaye tayari alikuwa Mwislamu, miaka miwili tu kabla ya kuingia katika maisha ya mashekhe.

Mwaka 1902 alihamia Cairo. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kutoka Ulaya Magharibi kusoma katika Al-Azhar. Huko ndiko alikochukuliwa mkono na Sheikh Abdulrahman Ilaysh al-Kabir, mwanachuoni wa madhehebu ya Maliki na sheikh wa Shadhiliya. Nyumba hiyo ilikuwa imeonja machungu: baba yake, Sheikh Muhammad Ilaysh, mufti wa Maliki, alifia gerezani mwaka 1882 kwa kuunga mkono uasi wa Urabi Pasha, na Abdulrahman mwenyewe alipelekwa uhamishoni. Ni sheikh wa namna hiyo aliyemfungulia mlango Mzungu aliyewahi kulala rumande.

Kuanzia 1904 Aguéli na Mwitaliano Enrico Insabato walitoa jarida lililoitwa Il Convito, kwa Kiitaliano na Kiarabu, ambamo aliandika kuhusu Ibn Arabi. Insabato alikuwa akitumikia maslahi ya serikali ya Italia, hivyo Waingereza waliokuwa wakiitawala Misri walilitazama jambo hilo kwa jicho baya. Sifa hiyo ya kushukiwa haikumwacha tena Aguéli.

Aliporudi Paris, mwaka 1911 alianzisha kikundi kidogo kilichoitwa Al Akbariyya, kwa lakabu ya Ibn Arabi ya Sheikh al-Akbar. Alitafsiri maandishi ya Kisufi kwa Kifaransa. Kupitia kwake kijana Mfaransa René Guénon aliingia katika tarika na kupata jina la Abdul Wahid Yahya. Guénon alikuja kuwa maarufu kumpita yeye. Alihamia Cairo mwaka 1930 na kufa huko mwaka 1951, na vitabu vyake vimewavuta Wazungu wengi kwenye Uislamu. Msimu mzima wa matunda, lakini aliyepanda mche hatajwi sana.

Katika miaka hiyo alirudi pia Sala na kuchora mandhari ya kwao. Picha zake ni ndogo ndogo, nyingine hazizidi ukubwa wa kitabu: paa za nyumba, miti, mchanga wa Misri, anga.

Vita vya kwanza vya dunia vilimkuta Misri. Waingereza walimshuku kuwa jasusi wa Waturuki, na mwaka 1916 wakamfukuza hadi Uhispania. Alifika Barcelona bila fedha za kumrudisha nyumbani, huku masikio yake yakiwa yamekuwa mazito sana. Yeyote aliyewahi kukwama katika nchi ya watu bila nauli, akisubiri jibu la barua, anaielewa hali hiyo. Tarehe 1 Oktoba 1917, akivuka reli huko L'Hospitalet karibu na Barcelona, aligongwa na treni na kufa. Alikuwa na umri wa miaka 48. Alikufia katika nchi ile ile ambako Ibn Arabi alizaliwa mwaka 1165.

Prins Eugen wa Uswidi, mwana wa mfalme na mchoraji pia, ndiye aliyefanya mpango wa picha na vitu vyake kuletwa nyumbani. Mwili ulibaki Uhispania kwa miaka 64. Mwaka 1981 mabaki yake yaliletwa Sala na kuzikwa upya kwa taratibu za Kiislamu.

Tukirudi kwenye safari yetu, baadhi ya vijana wamesema hawaendi: kwanza hawakubali ziara za makaburi, pili marehemu alichora sura za viumbe. Wazee nao wamejibu kwamba kumuombea dua maiti hakuna aliyekukataza, na kwamba Moroni na Sala zote zinarejea kwa Imam mmoja wa Humaithara. Ubishi haujaisha.

Mpango wenyewe ni huu. Siku ya kwanza tutabaki mjini. Nationalmuseum na Moderna Museet zote zina kazi zake, ila msomaji aulize kwanza kama zimetundikwa au zimo ghalani. Nyumba ya Prins Eugen, Waldemarsudde, iko Djurgården na ni jumba la makumbusho. Adhuhuri tutasali Msikiti wa Stockholm, Medborgarplatsen, uliofunguliwa mwaka 2000 ndani ya kituo cha zamani cha umeme cha mwaka 1903. Aguéli angelipita pale akaona mitambo tu.

Siku ya pili ni treni hadi Sala kupitia Uppsala, kiasi cha saa moja na nusu. Mji huo una jumba la makumbusho lenye jina lake, lililotokana na picha alizokusanya daktari wa mji, Carl Friberg. Tumekubaliana hivi: wasiotaka kuingia makaburini watatusubiri kwenye picha, na wasiotaka picha watatusubiri makaburini. Chai itakuwa ya pamoja, na kila familia ije na chupa yake.