Émile Bertin, fundi wa merikebu za chuma (1840–1924)

Sisi wa Salamabila bahari hatuijui, lakini mutumbwi tunaujua. Kila mutu aliyevuka Luama amekwisha kuona: mizigo ikilazwa chini, mutumbwi unatulia, mumoja akisimama katikati ya muto, wote wanapiga kelele. Ndilo jambo lililomusumbua Émile Bertin maisha yake yote.

Alizaliwa Nancy, Ufaransa, muji ulio mbali na bahari kama sisi. Alisoma Paris, akawa fundi wa kuchora merikebu za vita, na kule Cherbourg akachunguza mawimbi na namna merikebu inavyoyumba.

Wakati ule wakubwa wa Ufaransa walipenda merikebu za kutisha macho. Kandokando, kwenye usawa wa maji, walizifunga mukanda wa chuma kinene, lakini mukanda wenyewe haukupanda juu sana. Juu yake kuta nyepesi zilizoinamia ndani kama shingo ya chungu, na juu tena minara, mizinga na vyumba. Hoche, iliyoshushwa majini 1886, watu waliicheka kwa jina la Hoteli Kubwa! Brennus ya 1891 ilipojaribiwa, mizinga ikigeuzwa upande mumoja, merikebu yote ililalia huko. Ikabidi kupunguza vitu vya juu. (Wa mwaka wa tatu, mambo haya mutayapata katika fizike.)

Bertin aliona hatari nyingine, ya kujificha zaidi. Risasi ikitoboa ule ukuta mwepesi, maji yanaingia, yanakimbilia upande ulioinama, na merikebu inapinduka hata kama mukanda ni muzima. Dawa yake: sakafu ya chuma karibu na usawa wa maji, na juu yake vyumba vidogovidogo vingi, kama sega la nyuki, ili maji yajaze vichache tu. Alifanya hivyo katika Sfax, 1884.

Lakini tusimusifu kupita kiasi. Mwaka 1886 Wajapani walimwita, akakaa kwao miaka 4. Waliogopa merikebu kubwa za China, wakataka muzinga wa kuzitoboa. Bertin akaweka muzinga mumoja wa milimeta 320 juu ya merikebu ya tani 4.200 hivi. Kumbe ukigeuzwa, merikebu inainama: kosa lilelile! Katika vita ya Yalu, 1894, mizinga hiyo ilipiga mara chache sana. Wajapani walishinda kwa mizinga midogo ya haraka.

Mwaka 1895 alipewa usimamizi wa ujenzi wa merikebu za Ufaransa. Lakini Bouvet ilikuwa imekwisha kuanzwa 1893, kwa namna ya zamani. Tarehe 18 Machi 1915, kule Dardanelles, iligonga bomu la majini, ikapinduka na kuzama kwa dakika 2 hivi. Watu zaidi ya 600 walikufa. Bertin alibakiza siku 5 kutimiza miaka 75.

Alikufa 1924. Mwaka 1933 Ufaransa ilishusha majini merikebu yenye jina lake, nyepesi na ya mbio. Mukanda muzito wa chuma haikuwa nao.