Daktari aliyeshindwa kujiponya pombe hadi alipompata mwenzake

MKAZI wa Mutomo, Kitui Kusini, anayeamua kuachana na pombe hukabiliwa na swali zito kuliko uamuzi wenyewe: ataegemea nani? Vituo vingi vya kurekebisha waraibu viko katika miji mikubwa, na ada zake humshinda mkulima wa nyanda kame. Hata hivyo, njia iliyowanusuru wengi duniani haikuanzia kituoni wala haikuhitaji fedha. Ilianza kwa mazungumzo ya watu wawili, mmoja wao akiwa daktari aliyeshindwa kujitibu.

Robert Holbrook Smith, aliyekuja kujulikana kama Daktari Bob, alizaliwa Agosti 8, 1879, mjini St. Johnsbury, jimbo la Vermont, Marekani. Babaye alikuwa jaji, na familia ilishika dini kwa ukali. Kijana huyo alianza kunywa kupindukia akiwa katika Chuo cha Dartmouth, alikohitimu mwaka wa 1902. Alipoingia kusomea udaktari, ulevi ulimyumbisha hadi akalazimika kuhama chuo. Hatimaye alihitimu mwaka wa 1910 na kuwa daktari wa upasuaji mjini Akron, Ohio. Mnamo 1915 alimwoa Anne Ripley, waliyekuwa wamechumbiana kwa miaka mingi.

Ndoa haikumwachisha chupa. Marekani ilipopiga marufuku pombe mwaka wa 1920, madaktari waliruhusiwa kuitoa kama dawa, na Smith hakukosa kinywaji. Alificha chupa kwenye makaa na kila pembe ya nyumba. Asubuhi alimeza dawa za kutuliza mikono iliyotetemeka, kisha akaenda kushika kisu cha upasuaji. Wagonjwa walipungua, madeni yakaongezeka, nao mkewe na wanawe wawili wakaishi kwa hofu na fedheha.

Hakuwa mtu asiyejaribu. Alilazwa mara kadhaa, na tangu 1933 alihudhuria mikutano ya kundi la kidini lililoitwa Oxford Group. Alisali, alisoma, alitubu, kisha akarudi kunywa. Waliomshauri walimtakia mema, ila wao wenyewe hawakuwa wamepita alikopita.

Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara kutoka New York, alikwama Akron baada ya mpango wake wa biashara kusambaratika. Alikuwa ameacha pombe kwa takriban miezi mitano, na sasa kiu ilimrudia. Alitambua kwamba ili asinywe, alihitaji kuzungumza na mlevi mwingine. Alipiga simu kwa kasisi mmoja baada ya kuchagua jina lake kwenye orodha, na kwa njia hiyo akaelekezwa kwa daktari.

Walikutana Mei 12, 1935. Smith alikubali kukaa dakika 15 tu, lakini mazungumzo yaliendelea kwa saa kadhaa hadi usiku. Bill hakumhubiria wala kumkaripia. Alisimulia ulevi wake mwenyewe, naye daktari akajiona katika kila kisa.

Uponyaji haukuwa wa papo hapo. Wiki chache baadaye Smith alisafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari Atlantic City, akalewa chakari. Bill na Anne walimpokea na kumuuguza bila kumtupa. Alikunywa mara ya mwisho Juni 10, 1935, siku ambayo chama cha Alcoholics Anonymous huihesabu kuwa ya kuzaliwa kwake. Mara moja wawili hao walianza kuwatafuta walevi hospitalini, na wakili mmoja wa Akron akawa wa tatu.

Kuanzia 1939, akisaidiana na mtawa Ignatia katika Hospitali ya St. Thomas, Daktari Bob aliwahudumia maelfu ya walevi bila kudai malipo. Alifariki kwa saratani Novemba 16, 1950, na kaburi lake halitaji chama alichokianzisha. Hii leo chama hicho kimeenea katika nchi zipatazo 180, Kenya ikiwa mojawapo.

Maisha yake yana uzito kwetu. Zamani uki, pombe ya jadi ya Wakamba, ilikuwa ya wazee na ya hafla. Mei 2014, pombe yenye sumu iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Kitui na Makueni zikiwemo. Sheria huweza kumfunga mgema. Haiwezi kuketi na mnywaji usiku kiu inapombana.

Anayetaka kuacha baada ya kunywa sana kwa muda mrefu amwone daktari kwanza, kwa kuwa kukatiza ghafla huweza kuleta kifafa na hata kifo. Anaweza pia kupiga bila malipo nambari 1192 ya shirika la kitaifa la kupambana na mihadarati, NACADA, aulize kuhusu kundi lililo karibu. Likikosekana, amtafute mmoja aliyekwisha kuacha. Wakubaliane siku, saa na mahali, hata chini ya mti. Pasiwe na ada, na linalosemwa hapo lisitoke. Atakayeanguka apokewe tena, kama Smith alivyopokewa aliporejea kutoka Atlantic City. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.