David Livingstone na damu iliyomponyoka

Tabibu na mmishonari David Livingstone, aliyezaliwa Scotland mwaka 1813, aliliona Ziwa Mweru, jirani na Nchelenge na Kenani ya leo, Novemba 1867. Miaka michache kabla, akiwa Uingereza, alikataa kupasuliwa bawasiri; kwa tabibu, uamuzi wa ajabu. Katika safari ya mwisho alivuja damu mara kwa mara hadi akabebwa. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, alipoipasua maiti alikuta bonge la damu iliyoganda.

Chembe sahani, ambazo huziba jeraha lakini uzeeni huganda upesi na kuweza kuleta kiharusi, zilielezwa na Giulio Bizzozero wa Italia mwaka 1882.

Moyo wa Livingstone ulizikwa palepale. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili hadi Bagamoyo.